Nimemwacha Amepumzika

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hiyo ni ya leo peke yake. Zile za miaka yote niliyopotea nitakuja kuzitoa mwenyewe, moja baada ya nyingine, wewe umekaa na mimi nimesimama, mpaka uchoke kuitikia marahaba. Natumai hujambo, na kwamba ule mgongo wako umekupa likizo msimu huu wa baridi. Shemeji naye hajambo? Na mpwa wangu, huyo bwana mdogo mliyempa jina langu nikiwa marehemu, anaendeleaje? Mwambie alitunze jina hilo vizuri, mwenyewe anarudi kuliangalia.

Ukipenda kujua hali yangu, mimi sijambo. Najua neno hilo kwako halina uzito, maana ulishasema zamani kwamba mimi hata nikikatika kichwa nitajibu sijambo. Basi nikueleze kama unavyotaka wewe. Miguu imepungua uvimbe na viatu vya hospitali vinaanza kuniingia. Meno mawili ya nyuma yamekwenda, yale ya mbele yapo, kwa hiyo nikitabasamu bado ni mimi. Kuna mwuguzi hapa ananilisha kama kuku wa kunoneshwa, na nikibakiza chakula ananitazama kwa jicho ambalo nilidhani ni lako peke yako duniani. Siku ya kwanza nilipokutana na kioo cha bafuni nilijisogeza pembeni nikampisha yule bwana apite. Daktari amesema hataniruhusu mpaka nguo zinienee.

Barua yako niliipata juzi, na nimeisoma hadi mikunjo yake imeanza kuchanika. Umeniandikia kwamba mlisikia jina langu redioni, miongoni mwa mateka waliorudishwa baada ya vita kwisha, na kwamba uliangusha sufuria ukakaa palepale kwenye maji. Halafu ukaandika kwamba ulipoinuka hukwenda kwa mumeo wala kwa jirani. Ulikwenda moja kwa moja dukani kwa Kinyozi, ukamkuta ana mteja aliyenyolewa nusu kichwa, ukamwita mwongo na muuaji mbele ya watu, ukammwagia beseni la maji ya sabuni. Sasa mtaa mzima umempa mgongo. Hakuna anayempelekea kichwa, mwenye nyumba amemtaka aondoke mwisho wa mwezi, na amekwishaanza kufunga vioo vyake kwenye magazeti. Umesema njia ya mwongo ni fupi. Umesema pia kinachokuudhi zaidi ni kwamba hajitetei, kila akiulizwa anajibu kwamba alisema alichokiona. Na mwisho umeniuliza swali moja tu, kwamba Kinyozi alikuwa na kisa gani nami hata akaniua nikiwa hai.

Swali lako nitalijibu. Nakuomba tu usiruke kurasa, maana nakujua, hadithi zote wewe huanzia mwisho. Barua hii nampa dereva wa lori la dawa anayekuja huko, badala ya kuipeleka posta, kwa sababu naogopa mwisho wa mwezi usije ukaitangulia.

Nilichukuliwa jeshini nikiwa na rangi kwenye kucha, na ukuta wa shule nimeuacha haujakauka. Tulitekwa asubuhi moja yenye ukungu, tukiwa tumelala mtaroni, hata risasi moja sikufyatua. Sikuwa shujaa, na hata nafasi ya kuwa mwoga sikuipata. Mtu alitupigia kelele kwa lugha tusiyoijua, tukanyoosha mikono juu. Wakatupeleka kwenye ghala lililokuwa la vitunguu, na harufu yake ilikuwa imeingia hadi kwenye matofali. Wiki za kwanza kila mtu alitokwa machozi, na kila mtu akasingizia vitunguu.

Walipojua kwamba mimi ni fundi rangi, walinipa ndoo ya chokaa na brashi yenye nywele chache kuliko za shemeji, unisamehe, nikaambiwa nipake mawe yaliyopangwa kando ya barabara ya kambi. Nilipomaliza, msimamizi alipita, akayatazama, akasema neno moja. Baadaye tulijua maana yake ni tena. Nikapaka tena. Na kesho yake tena. Tukamwita Tena, jina likamkaa. Mawe yale leo ukiyapasua nadhani utakuta chokaa mpaka moyoni. Hakuwa mbaya kuliko wenzake, na lazima nimtendee haki. Mara kwa mara alisahau nusu ya kitunguu kibichi kando ya ndoo yangu, na mtu hasahau kitu kilekile mahali palepale mwaka mzima.

Njaa sitaki kukueleza sana, utaanza kupika kabla sijafika. Supu yetu ilikuwa maji yaliyowahi kusikia habari za maharage. Baridi ndiyo ilitupunguza, baridi na kuhara. Tuliwazika wenzetu nyuma ya ghala, na ardhi ilikuwa ngumu hata tukawa tunazika juujuu. Wa kwanza nilimlilia. Wa pili pia. Kisha ikafika siku nikashika koleo, nikachimba, nikafukia, nikaenda kupanga foleni ya supu, na jicho kavu. Siku hiyo niliogopa, Dada. Niliogopa kwamba hata nikirudi kwako nitarudi mtu asiyejua kulia, na sijui ungemfanyia nini mtu wa namna hiyo.

Aliyetuokoa alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye kikohozi. Jioni moja tukingoja supu alikigonga kitanda cha mwenzake, ambacho kilikuwa mbao mbili na gunia, akapiga hodi. Hakuna aliyemwelewa. Akagonga tena, akauliza kama nyumba hii haina wenyewe. Mwenye kitanda akamwambia karibu, kwa kumhurumia tu, tukidhani homa imempanda kichwani. Mwalimu akaingia kama mgeni, akauliza akae wapi, na kama watoto wamesharudi shuleni. Yule mwenzetu akaanza kujibu, na tukasikia habari za nyumba yake hadi giza likaingia.

Toka hapo kila jioni tulimtembelea mmoja wetu. Sharti mwenyeji aeleze kila kitu, mlango unafungukia upande gani, kiti kipi kina mguu mbovu, nani yuko jikoni na ameamka vipi leo. Zamu yangu ilipofika niliwaleta kwako. Niliwaambia umetoka kupiga deki sasa hivi na huna mchezo na sakafu yako. Basi wanaume wazima, wenye ndevu hadi kifuani, waliinama wakafuta nyayo kwenye gunia kabla ya kupiga hodi. Mmoja alisahau, wenzake wakamrudisha nje. Niliwaonyesha cherehani yako pale dirishani, na sindano unazochomeka kwenye pazia zisipotee, na ule ukuta niliojaribu rangi tatu ukazikataa zote. Walikujua kuliko majirani zako wanavyokujua. Walijua kwamba ukiimba umekasirika, na ukinyamaza umekasirika zaidi.

Niliposhikwa na homa kali, karibu nife kweli, niliwasikia wawili wakibishana kama dada yangu angekubali nifunikwe blanketi lenye matope. Walitoka nalo nje kwenye baridi wakalikung'uta kwanza, kwa kukuogopa wewe. Daktari wa hapa amesoma alama za homa ile mwilini mwangu, akasema haelewi nilivyopona. Mimi naelewa.

Kinyozi alikuja miaka ya baadaye, na kundi lililotekwa upande wa mto. Sikumtambua kwa sura, nilimtambua kwa ulimi, maana aliponiona tu aliniambia nimezeeka vibaya. Nilimkumbatia nikalia, na nilishukuru kwamba machozi bado yapo. Unamjua mwenyewe. Ndiye aliyemwambia mzee wa upara kwamba hana cha kumkata ila anaweza kumfuta vumbi. Ndiye aliyemwambia bwana harusi kwamba kwa uso ule wembe utajitahidi lakini asitegemee makubwa. Wateja wake nusu aliwafukuza yeye mwenyewe kwa ukweli wake, na sisi tulikuwa tukisema kwamba anayetaka kusifiwa aende kwa kinyozi wa sokoni.

Nikamuuliza habari zako, na huyo si mtu wa kukufichia kitu. Aliniambia hujaolewa. Kwamba seremala ameposa, umemkataa. Kwamba alirudi tena na kabati alilolichonga mwenyewe, ukapokea kabati ukamkataa yeye. Kwamba unasema huondoki katika nyumba ile mpaka mdogo wako arudi, maana mama alimwacha mikononi mwako. Kwamba kila mlo unaniwekea sahani, na baadaye unaiosha ingawa ni safi. Kwamba mafundi wenzako wa cherehani wamekusikia ukizungumza na kiti changu. Na kwamba seremala amesema atangoja, lakini naye nywele zinamwishia, na habari za nywele zile Kinyozi alizijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Jioni ile wenzangu walifuta nyayo, wakaja kupiga hodi kwetu, nami nikashindwa kusema karibu. Mpaka siku hiyo nyumba ile ilikuwa ndiyo uhuru wangu. Sasa nilikuona umekaa mle ndani kama sisi tulivyokaa ghalani, na aliyekufungia ni mimi. Mama alipofariki wewe ulikuwa msichana na mimi mtoto wa kubebwa. Ujana wako wa kwanza niliumaliza mimi, kwa surua zangu na viatu vyangu na madaftari yangu. Ujana wa pili ulikuwa unaumalizia mbele ya kiti kitupu. Kumbe tulikuwa wafungwa wawili, Dada, na mimi angalau nilikuwa na wenzangu wa kucheka nao.

Muda ukapita, ikaja habari kwamba pande mbili zitabadilishana mateka wagonjwa. Kinyozi jicho lake moja lilikuwa limekufa, wakamweka miongoni mwa wanaorudi. Mimi nilikuwa mzima, kwa uzima wa kule, na vita haikuwa na dalili ya kwisha. Tuliambiwa huenda tukazeekea pale, na niliamini.

Hapa ndipo penyewe. Kama umesimama, kaa.

Nilimwomba Kinyozi akuambie kwamba nimekufa. Alikataa. Alisema hajawahi kudanganya kichwa cha mtu, sembuse moyo. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunia, nikamkumbusha sahani na kiti na seremala. Hakubadilika. Alisema ukimuuliza atasema alichokiona kwa jicho lake lililobaki, hatazidisha wala hatapunguza. Nilikata tamaa. Kisha mchana ule lori lao lilipofika getini, watu wakikumbatiana na kuagana, mimi nikaenda kwenye mbao zangu, nikajinyoosha chali, nikaweka mikono kifuani, nikafumba macho.

Alikuja kuniaga, akaniuliza ninafanya nini. Nikamuuliza yeye anaona nini. Akasema anamwona mpumbavu. Nikamuuliza huyo mpumbavu yukoje. Nilimsikia anavyopumua, na nilisikia wanamwita kule nje. Mwisho akasema, kama mtu aliyetwishwa gunia asilolitaka, kwamba amepumzika. Nikamwambia basi, hayo ndiyo aliyoyaona, ukimuuliza akuambie hayohayo na asiongeze neno, na nikamwapisha. Sikufumbua macho mpaka ngurumo ya lori ilipopotea kabisa, ili asije akawa amesema uongo.

Alipofika, kwa jinsi ulivyoniandikia, ukamuuliza, akakuambia kwamba amemwacha mdogo wako amepumzika. Nawe ukasikia ulichosikia, kama ambavyo mtu yeyote wa lugha yetu angesikia. Nani kwetu, akiambiwa hivyo na mtu anayetokwa machozi, huuliza amepumzika kitandani au kaburini? Nililijua hilo, ndiyo maana nililidaka neno lile lilipomtoka. Wahenga walituusia tusimwamshe aliyelala, tukimwamsha tutalala sisi. Mimi niliona kwamba nisipolala mimi, wewe hutaamka maisha yako yote.

Kwa hiyo swali lako jibu lake ni hilo. Kinyozi hakuniua. Nilijiua mwenyewe, kwa neno la kweli, na nilimtumia mtu asiyesema uongo kwa sababu ndiye pekee ambaye ungemwamini. Akavumilia kukuona ukinililia. Akaja harusini kwako akala chakula akijua. Mtoto akapewa jina langu, Kinyozi akanyamaza. Na ulipommwagia maji ya sabuni mbele ya wateja wake, angeweza kujiokoa kwa sentensi moja, asiiseme, kwa kuwa hakujua kama mimi nitapenda uijue.

Usidhani ilikuwa rahisi kuwa marehemu. Lori lilipokwisha kwenda nililia hadi mbao zikalowa, kwa sababu wewe ndiye uliyebaki kuniita nyumbani, na nilikuwa nimekuziba mdomo mwenyewe. Zilikuwapo siku nilitamani kumrudisha Kinyozi mbio. Lakini zamu yangu ilipofika na wenzangu wakapiga hodi, niliwaambia nyumba ile imefungwa, mwenyewe amehamia kwa mumewe. Walifurahi kama walioalikwa karamuni. Mwalimu akauliza kama huyo mume ana fenicha ya maana, nikasema ni seremala, wakapiga makofi hadi Tena akaja kuangalia kuna nini. Sikujua kama ni kweli, Dada. Miaka yote iliyobaki niliishi kwa kukisia tu. Kwa hiyo niliposoma barua yako, ukiwa umejaa hasira, na katikati ya hasira hizo ukaandika maneno mume wangu, nilicheka peke yangu kitandani mpaka jirani akamwita mwuguzi.

Sasa nakuomba. Ukimaliza barua hii vaa viatu uende kwa Kinyozi kabla hajafunga kioo cha mwisho. Nenda mchana, watu wakiwapo, kama ulivyokwenda siku ile, useme kwa sauti ileile. Mchukue shemeji akanyolewe, hata kama hapana cha kunyoa. Na mwenye nyumba umwambie wewe mwenyewe, wewe ukisema watu husikia. Mwambie Kinyozi kiapo nimemfungulia, aseme chochote anachotaka juu yangu, nami najua hakitakuwa kizuri.

Juu yangu mimi sijui niseme nini. Ulinizika bila mwili. Ulinililia machozi ambayo siwezi kukurudishia, na usiku wote uliokosa usingizi haulipiki. Nimejaribu kuandika kwamba najuta, nikalikata neno hilo, nikaliandika, nikalikata. Ukweli ni kwamba ningerudishwa mchana ule, na lori lile getini, na wewe kwenye nyumba ile, ningejilaza tena. Hilo ndilo ninaloliombea radhi, kwamba ningefanya tena.

Nisalimie shemeji sana, mwambie nitamwita kaka akinikubali. Mpwa wangu mbusu kwa niaba yangu, umweleze kidogo kidogo kwamba mjomba wake hakwenda mbinguni, alikwenda mbali tu. Mafundi wenzako wa cherehani wote wape salamu.

Najua pia kwamba nikishuka kwenye gari utakuwa umeandaa maneno ya kunigombeza, na yatakuwa mengi. Yaseme yote. Usinionee huruma kwa sababu nimekonda, wala usingoje nipate nguvu. Miaka yote hii nimefokewa asubuhi na jioni na watu wasionijua hata jina. Nataka kufokewa na mtu anayenipenda.

Ni mimi,
mdogo wako